Faili Hili ni la Nani?

Kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala Rangi Tatu, popote penye ofisi ya serikali ya mtaa, shule au zahanati, hapakosi steshenari. Ni fremu moja tu: mashine ya fotokopi mlangoni, printa, mashine ya laminesheni, rimu za karatasi zimepangwa ukutani, na kompyuta ambayo mteja huiona kwa ubavu. Mteja huja na flashi au hutuma kwa simu. Mhudumu hulifungua faili, husahihisha jina la kata lililokosewa, huchapa, hupokea hela yake, na mteja huenda zake. Faili hubaki. Ikifika jioni uso wa kompyuta ile umejaa barua za maombi ya kazi, nakala za vitambulisho vya NIDA, mikataba ya pango, vyeti vya kuzaliwa na hati za mauziano ya viwanja, na mteja wa kesho akikaribishwa kwenye kiti anaweza kufungua lolote, kulibadilisha au kulifuta. Wenye kulaumu husema huo ni uzembe. Wengine, kwa utani wenye sumu ndani yake, husema Waswahili hatuna siri. Nadhani wote wanakosea. Kompyuta ile haijui kwamba mafaili yale yana wenyewe mbalimbali, na kutojua kwake kuna historia, tena historia inayoweza kupewa miaka na majina.

Tuanze na mstari mmoja mfupi. Katika kompyuta yoyote inayotumia Linux au ndugu zake, ukifungua dirisha jeusi la kuandikia amri ukaandika ls -l, kila faili hutajwa kwenye mstari wake, na mstari huanza na alama kumi ambazo mgeni angedhani ni paka amekanyaga kibodi: -rw-r--r--. Alama ya kwanza husema hiki ni kitu gani, faili la kawaida au folda. Tisa zilizobaki hugawanyika tatu tatu: tatu za mwenye faili, tatu za kundi lake, tatu za watu wengine wote. Herufi r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuliendesha faili kama programu. Kistari ni kunyimwa. Kwa kuwa kusoma kumepewa thamani ya 4, kuandika 2 na kuendesha 1, kila tatu hujumlishwa ikawa tarakimu moja, na mstari wetu huitwa 644: mwenyewe asome na aandike, wengine wote wasome tu. Mbele kidogo ya alama hizo huandikwa jina la mtu, na mzigo wote umebebwa na jina hilo. Mashine haiwezi kujibu kama faili linasomeka au halisomeki mpaka ijue anayeuliza ni nani.

Swali hilo la "nani" lilizaliwa na uhaba wa mashine, kabla hata hofu ya wezi haijaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta moja ilikuwa na bei ya kutisha hata kwa chuo tajiri cha Marekani, na Fernando Corbató na wenzake wa MIT walitafuta namna ya watu wengi kuitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja na kibodi yake, kila mmoja akidhani anahudumiwa peke yake. Mwaka 1961 walionyesha mfumo wao, CTSS. Watu wakishakuwa wengi ndani ya mashine moja, lazima watofautishwe, na humo ndimo nywila zilimoingia. Kisa ambacho Corbató mwenyewe alikuja kukisimulia ni cha katikati ya muongo huo: siku moja kila aliyeingia kwenye mfumo alikaribishwa na orodha nzima ya nywila za watumiaji wote. Hapakuwa na mwizi. Programu ya kuhariria maandishi ilikuwa ikiweka kazi isiyokamilika kwenye faili la muda lenye jina lilelile, hata aliyehariri awe nani. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja ujumbe wa salamu, mwingine faili la nywila, na mafaili yakabadilishana. Ni watu wawili waliokinga ndoo moja bombani.

Baada ya CTSS ulikuja Multics, mradi mkubwa ulioanza mwaka 1965 ukiwa na orodha ndefu za nani aruhusiwe nini kwenye faili lipi. Maabara ya Bell yalijitoa humo mwaka 1969, na watafiti wake wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaanza kujitengenezea mfumo mdogo kwenye mashine ya PDP-7. Unix ilipopata kitabu chake cha kwanza cha maelekezo, cha tarehe 3 Novemba 1971, amri ya chmod, ile ya kubadili ruhusa za faili, ilikuwemo tayari. Namba zake zilikuwa nyingine: 01 ya asiye mwenyewe kuandika, 02 ya asiye mwenyewe kusoma, 04 na 10 za mwenyewe kuandika na kusoma, 20 ya kuendesha. Kundi halikuwepo, dunia ilikuwa na mimi na wasio mimi. Kundi liliongezwa miaka michache baadaye, na hapo ndipo zile tatu tatu zilipokamilika. Toleo la saba la mwaka 1979 likaruhusu kuandika kwa herufi, chmod g+w, yaani kundi liongezewe ruhusa ya kuandika, badala ya kupiga hesabu kichwani. Tangu hapo mpango huo haujabadilika sana, na kwenye fani ya kompyuta hilo ni jambo la ajabu kidogo, kwa kuwa karibu kila kitu kingine cha mwaka 1979 kimo makumbusho.

Mtu aliyekulia Temeke, Magomeni au Manzese hahitaji kupelekwa kwenye Maabara ya Bell huko New Jersey ili auelewe mpango huu. Nyumba ya Kiswahili ina mlango mmoja wa mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, na uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Kuna mwenye nyumba, kuna wapangaji, kuna wapita njia. Makundi matatu, kila moja na mipaka yake, na hakuna anayezaliwa nje ya mpango huo. Hata lile jambo linalowasumbua wanafunzi wengi wa Linux, maana ya x kwenye folda, limo koridoni. Folda haiendeshwi kama programu. X yake ni ruhusa ya kupita. Mgeni wa chumba cha mwisho hupita korido nzima, na hakuna anayemkataza, lakini kupita hakumpi haki ya kuchungulia kila mlango ajue nani amepanga wapi. Folda yenye x bila r iko hivyohivyo: ukilijua jina la faili unalifikia, ila ukiuliza humu mna nini, hujibiwi. Ruhusa ya kuandika kwenye folda nayo hushangaza, kwa sababu inampa mtu uwezo wa kufuta faili ambalo si lake na ambalo hana ruhusa hata ya kulisoma. Kufuta ni kuondoa jina kwenye orodha ya folda, na orodha ni mali ya folda. Basi folda ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika, kama ile ya /tmp, ingekuwa uwanja wa fujo, na dawa yake ni alama ya t inayowekwa mwishoni mwa ruhusa. Alama hiyo ni kamba ya kuanikia nguo ya uani. Yeyote aanike, ila kila mtu aanue nguo yake.

Sasa turudi nyumbani. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mashine ya ICT 1500 kutoka Uingereza iliyowekwa Wizara ya Fedha. Mashine ya aina hiyo haikuhitaji ruhusa za faili. Kufuli lake lilikuwa mlango wa chumba chake, na mwananchi hakuigusa hata siku moja. Mpango wa kupeleka hesabu za serikali kwenye mashine kubwa zaidi ya kampuni ya ICL ulikwenda kombo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Aliyezihitaji alilazimika kuomba kibali maalumu. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Ritchie na Thompson walichapisha kwenye jarida la chama cha wanakompyuta wa Marekani makala iliyoitangaza Unix kwa ulimwengu. Muongo ambao vyuo vya kwingine vilikuwa vikijifunza adabu ya mashine moja yenye watu wengi ndio muongo ambao mlango wetu ulikuwa umerudishiwa. Ulipoanza kufunguliwa, katika miaka ya 1980, bidhaa iliyokuwa sokoni ilikuwa nyingine kabisa.

Msomaji makini atapinga hapa. Kenya haikuwa na marufuku kama ile, na intaneti kafe za Nairobi hazikuwa na nidhamu kuliko za Mwenge au Tandika. Pingamizi hilo lina nguvu, na linanilazimisha kupunguza uzito wa mwaka 1974. Marufuku ilitunyima watu ambao wangekuwa wazee wa kazi, waliozoea mashine ya pamoja na ambao wangeufundisha mtaa. Haikutengeneza ile kompyuta iliyokuja baadaye. Sababu kubwa zaidi iko ndani ya mashine yenyewe. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, ikiwa na DOS ya Microsoft, iliuza kitu kilichojengwa juu ya dhana kwamba mezani kuna mtu mmoja na kila kilichomo ni chake. DOS nayo ilikuwa na ruhusa zake, ukipenda kuziita hivyo, na amri ya kuzibadili, attrib, iliyoingia na toleo la 3.0 mwaka 1984. Ila tazama inachouliza. R, faili lisibadilishwe. H, faili lifichwe. S, faili ni la mfumo. A, faili linasubiri kunakiliwa kwa akiba. Zote nne zinaeleza hali ya kitu. Hakuna hata moja inayomtaja mtu. Faili lililofichwa limefichwa kwa kila mtu, na yeyote anaweza kulifichua kwa kuandika attrib -h. Katika lugha ya mashine ile, "la nani" halikuwa swali lenye maana.

Hapo ndipo penye kinaya cha historia yetu. Chombo kilichobuniwa kwa mtu mmoja kililetwa mahali ambapo hakikuwahi kuwa cha mtu mmoja. Intaneti ilipoingia nchini katikati ya miaka ya 1990 na kafe zikaanza kuota kandokando ya barabara za Kinondoni na Temeke, mashine moja ilikaliwa na watu kumi, kumi na watano kwa siku, wakilipia kwa saa au nusu saa, kwa njia ya setilaiti iliyokwenda kwa mwendo wa kobe hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009. Yaani hali ileile iliyowafanya watu wa MIT wabuni akaunti na nywila, uhaba wa mashine na wingi wa watu, ilikuwa imezaliwa upya Sinza na Chang'ombe, ila safari hii juu ya Windows 98, ambayo kisanduku chake cha nywila kiliondoka ukibonyeza Esc. Teknolojia ya kushirikiana mashine ilikuwa imeshagunduliwa miaka 30 nyuma. Haikuwa mezani.

Aliyekuwa kwenye kafe za miaka ya mwisho ya muongo wa 2000 anakumbuka matokeo yake kwa sura ya flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi yake, na folda zote za kazi ya chuo hazimo. Badala yake kuna vijialama vya njia ya mkato. Kirusi kimeziwekea folda alama za H na S, kikaweka vijialama vyake vyenye majina yaleyale ili mwanafunzi avibonyeze mwenyewe. Mwanafunzi anapaliwa na kilio. Mhudumu anafungua dirisha jeusi, anaandika herufi ya flashi, E na nukta mbili, kisha attrib -h -r -s /s /d na alama ya nyota, anabonyeza Enter, na folda zinarudi moja moja kama kuku jioni. Wahudumu wengi waliijua amri hiyo kwa moyo bila kuelezwa na mtu kila herufi inafanya nini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba dirisha jeusi na amri zake ni mambo ya wataalamu, hayagusi mtaa. Yaligusa mtaa, tena kwa nguvu. Tatizo ni kwamba amri iliyoufikia mtaa ilikuwa ile isiyojua watu.

Kuna atakayesema nawaonea Microsoft. Windows NT ya mwaka 1993 ilikuwa na ruhusa za faili zenye uchambuzi kuliko Unix, na Windows XP ya mwaka 2001, iliyotawala kafe na ofisi zetu kwa miaka, ilizirithi zote. Ni kweli. Kufuli lilikuwepo. Lakini akaunti iliyotengenezwa wakati wa kuiweka XP ilikuwa ya msimamizi, na karibu kila mtu aliishia kuitumia hiyo. Ni kama kufunga kila chumba cha nyumba kisha kumkabidhi kila mpangaji shada zima la funguo. Na flashi zenyewe ziliendelea kutumia mpangilio wa FAT wa enzi ya DOS, ambao hauna mahali pa kuandika jina la mwenye faili. Ukichukua faili la 600 kwenye Linux, ambalo hata kundi lako haliruhusiwi kuligusa, ukalinakili kwenye flashi ya FAT, ruhusa zake huachwa nyuma kama viatu mlangoni. Linafika upande wa pili halina mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Kama steshenari ya Mbagala ingekuwa na Linux lakini wahudumu wote na wateja wote wakaingia kwa akaunti moja, ruhusa zote hizo zisingesaidia chochote, kwa sababu mbele ya mashine wangekuwa mtu mmoja. Nakubali, na sidhani amri ya chmod ni hirizi. Ninachosema ni kwamba chombo hufundisha. Mfumo unaokulazimisha kutaja jina siku ya kwanza, unaokataa kufanya jambo na kukwambia wewe si mwenye faili hili, hujenga mazoea ya kuuliza. Mfumo usiokataa kitu chochote hujenga mazoea ya kutouliza, na mazoea hayo hudumu hata chombo kikibadilika. Ushahidi upo kwa mafundi wetu wa tovuti. Fundi wa Sinza au Kijitonyama anajenga tovuti ya shule, anaipandisha kwenye seva ya Linux, na picha haziingii. Seva inajibu kwamba ruhusa imekataliwa. Anaandika chmod -R 777, picha zinaingia, kazi inalipwa. Yanayotokea ndani ni haya: mafaili ni ya akaunti ya fundi, lakini programu inayohudumia tovuti inaendeshwa kwa jina jingine, mara nyingi www-data, na www-data hakupewa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya picha. Dawa ni kuifanya folda hiyo moja iwe ya www-data, au kumwingiza fundi na www-data kundi moja na kulipa kundi hilo ruhusa. Lakini 777 imewaruhusu wote, hata yule asiyejulikana aliyeingia kwenye seva hiyohiyo kupitia tovuti ya jirani, na kwa kuwa -R inateremka kwenye kila folda, kila picha na kila faili la maandishi sasa limepewa x, limekuwa kitu cha kuendeshwa. (Kuna X kubwa kwa ajili hiyo, inayotoa x kwa folda na kwa mafaili ambayo tayari yana x, na kuyaacha mengine; ni wachache wanaoitumia.) Fundi huyo anaijua hesabu. Asichokitarajia ni kwamba ndani ya mashine "yake" kuna mtu wa pili. Alilelewa na kompyuta yenye mtu mmoja.

Hoja ya kwamba kwetu siri haina thamani, kwamba tunaishi kwa kushirikiana na kwa hiyo ruhusa ni jambo la kigeni, nayo ningependa kuijibu kwa kitu kinachoshikika. Kila ofisi ya serikali yenye ukubwa wa maana ina masjala, na nyingi zina masjala mbili, ya wazi na ya siri. Jalada lina namba. Kila karatasi ndani yake ni folio yenye namba yake, dokezo huandikwa mbele na kusainiwa, na jalada likitoka kwenda ofisi nyingine huandikwa kwenye rejista limekwenda kwa nani. Mtunza kumbukumbu wa masjala ya siri ameapa. Nyuma ya utaratibu huo kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Lugha yenyewe imeshapambanua: ruhusa hutolewa kwa mdomo, idhini inatoka kwa mwenye mamlaka, kibali kina karatasi na muhuri. Watu wenye maneno matatu kwa jambo moja hawawezi kuwa hawalijui. Na anayepiga hodi kwenye nyumba ya Kiswahili huulizwa nani kabla ya kuambiwa karibu. Kilichokosekana ni daraja kati ya masjala na mashine: barua iliyokaa kwenye jalada lenye rejista, ikishaandikwa upya kwenye kompyuta ya mezani yenye akaunti moja, inatoka kwenye utaratibu wa miaka mingi na kuingia kwenye chumba kisicho na mlango.

Palikuwa na wakati ambapo daraja hilo lilikaribia kujengwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ndiko ulikofanyika mradi wa Kilinux wa kuitafsiri programu huria kwa Kiswahili, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden na msaada wa Sida, na Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na mjadala wa istilahi uliofuata, folda ibaki folda au iwe kabrasha, haukuwa wa bure. Lakini kilichoteremka kutoka Mlimani hadi mtaani kilikuwa maneno. Mashine za mtaani zilibaki na Windows ya kunakiliwa, msimamizi mmoja, nywila hakuna, na kabrasha kwenye mashine kama hiyo halina mwenyewe zaidi ya folda.

Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983 na ambaye ni mmoja wa walioandika ls inayotumika leo, angetupinga kwa sababu tofauti kabisa. Alikulia kikazi kwenye maabara ya MIT iliyozichukia nywila, na kwenye kitabu cha maelekezo cha amri za GNU aliweka maelezo ya kwa nini amri ya su haikuzuiliwa kwa kikundi cha wateule: aliona kufuli za mashine ya pamoja ni chombo cha wachache kuwatawala wengine. Ana jambo. Ruhusa zote tulizozieleza hazimgusi root, msimamizi mkuu, ambaye husoma la 600 kama anavyosoma la 644. Nyumba ya kupanga ina makubaliano mazuri ya korido na kamba, na mwenye nyumba bado ana funguo za akiba. Hata hivyo hofu ya Stallman inafaa maabara yenye wataalamu wanaolingana; kwenye kaunta ya steshenari aliye dhaifu ni mteja, na kuondoa kufuli hakumpunguzii msimamizi nguvu bali kunampa kila mpita njia nguvu hizo.

Cha kuchekesha ni kwamba ruhusa za Unix hatimaye zimefika Temeke, na zimefika bila kupiga hodi. Simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008, na ndani yake kuna Linux. Wahandisi wake walijiuliza wafanye nini na akaunti za watumiaji wengi kwenye kifaa kilichotegemewa kuwa cha mtu mmoja, wakaja na jibu la werevu: kila programu iwe mtu. Programu ikisakinishwa hupewa namba yake ya mtumiaji, kuanzia 10000 na kuendelea, na folda yake ya ndani huwa yake peke yake. Mchezo wa kubashiri mpira hauwezi kufungua mafaili ya programu ya benki kwa sababu ileile iliyowazuia watafiti wa Bell kufungua ya wenzao. Kwa muda mrefu kadi ya kumbukumbu ilikuwa nje ya mpango huo, kwani nayo ilikuwa FAT, na programu iliyopewa ruhusa ya kadi ilisoma kila kitu; Google ilianza kulibana hilo kwa dhati na Android 10, mwaka 2019. Kwa hiyo simu ya bei nafuu iliyonunuliwa Tandika ina nidhamu ya "nani" kuliko kompyuta iliyo juu ya meza ya steshenari ya jirani.

Na ni simu hiyo inayopeleka nyaraka steshenari siku hizi. Flashi zimepungua, mteja anaambiwa atume WhatsApp kwa namba iliyobandikwa ukutani. Faili linatoka kwenye simu ambamo lilikuwa na ulinzi wake, linafika kwenye kompyuta ya duka, na linatua kwenye folda ya Downloads. Sheria imeshaanza kuuliza: ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu anayeingia pasipo ruhusa, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawatazama wakusanyaji na wachakataji wa taarifa za watu na imewawekea Tume. Ila sheria husoma majina ya watu, na mashine ile husoma majina ya akaunti. Ndani ya Downloads ya leo kuna barua ya mwalimu anayeomba uhamisho, cheti cha mtoto wa jirani, mkataba wa fremu ya saluni na kitambulisho kilichopigwa picha juu ya kitanda, kila moja na jina la mhusika limeandikwa wazi kwenye kichwa cha faili, na yote, ukiiuliza kompyuta, ni mali ya duka.